Kabla ya Kununua Ploti ya Istanbul, Uliza Mfereji Uko Wapi

Kuna video inayozunguka kwenye simu za watu wa Pwani kwa wiki kadhaa sasa. Kama una jamaa Dubai, Doha au Muscat, bila shaka ushaletewa. Meli kubwa ya kontena inapita katikati ya mji mweupe uliochorwa kwa kompyuta, bustani huku na huku, misikiti yenye minara myembamba, na kijana anazungumza kwa Kiswahili chetu kizuri tu. Anasema mita 300 za ardhi karibu na mfereji mpya wa Istanbul ni dola 11,500. Unatoa arbuni, kisha unamaliza kidogo kidogo kwa miezi 24. Siku mfereji utakapoanza kuchimbwa, anasema, bei itapanda mara tatu. Mwisho anakuita ndugu yake katika Uislamu na kukwambia nafasi zimebaki chache.

Nimeulizwa habari hii na watu wasiopungua saba, na swali huwa lile lile: "Ati ni kweli huo mfereji upo?" Mimi naona hilo si swali la kuanzia, lakini kwa kuwa ndilo linaloulizwa, tulijibu kwanza.

Mradi wenyewe si wa kutungwa na madalali. Tarehe 27 Aprili 2011, zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya uchaguzi wa Juni, Recep Tayyip Erdoğan, ambaye wakati huo alikuwa waziri mkuu, alitangaza kwamba Uturuki itachimba mfereji upande wa Ulaya wa Istanbul, kutoka Bahari Nyeusi hadi Bahari ya Marmara, ili meli kubwa za mafuta zisipite tena katikati ya mji kwenye mlango wa bahari wa Bosphorus. Uliitwa mradi wa kichaa, na jina hilo lilitumiwa kwa kujisifu, si kwa kubeza. Njia rasmi ilitangazwa Januari 2018: ingepita ziwa la Küçükçekmece, bwawa la Sazlıdere, mpaka Durusu, urefu wa kilomita 45 hivi. Ripoti ya athari za kimazingira ikapitishwa Januari 2020. Tarehe 26 Juni 2021 Erdoğan, sasa akiwa rais, aliweka jiwe la msingi la daraja la Sazlıdere na kusema kazi ya mfereji itakamilika kwa miaka sita, kwa gharama ya dola bilioni 15 hivi.

Daraja lilijengwa. Mfereji wenyewe, mpaka kufikia 2025, haukuwa umechimbwa. Na hilo daraja lina hadithi yake: ni sehemu ya barabara kuu ya Marmara Kaskazini, na wapinzani wa mradi walisema tangu siku ile kwamba barabara ingehitaji daraja pale hata kama mfereji usingekuwepo, kwa sababu chini yake kuna maji ya bwawa. Kwa hivyo ukiona picha ya nguzo refu na tingatinga, ukaambiwa "kazi imeanza", picha inaweza kuwa ya kweli kabisa na maneno yaliyoandikwa chini yake yasiwe.

Hapa ndipo watu wengi wanapotegwa. Tumezoea kufikiri kwamba tapeli huonyesha vitu vya uongo. Dalali hodari huonyesha vitu vya kweli. Upande ule ule wa Istanbul, serikali ya Uturuki ilijenga daraja la tatu la Bosphorus, likafunguliwa Agosti 2016, na uwanja mpya wa ndege ambao ulizinduliwa Oktoba 2018 na kuanza kazi kamili Aprili 2019. Hivi vipo, unaweza kushuka hapo kesho ukielekea Umra au London. Waliokuwa na ardhi wilaya ya Arnavutköy kabla ya uwanja kuja waliona bei ikipanda. Basi dalali anachukua uwanja uliojengwa, anaufanya mdhamini wa mfereji usiojengwa. "Walisema uwanja hautajengwa, ukajengwa. Sasa wanasema mfereji hautajengwa." Ni maneno matamu, lakini uwanja wa ndege ulikuwa na abiria wanaongoja. Tuangalie kama mfereji una meli zinazoungoja.

Mtu wa Mombasa hahitaji kufundishwa faida ya mfereji. Sote tuliona mwisho wa 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipozifanya meli nyingi ziache Suez na kuzunguka kusini mwa Afrika, jinsi safari zilivyorefuka. Suez inalipisha fedha nyingi na wenye meli wanalipa kwa sababu inawaokolea siku nyingi za bahari na mafuta. Mfereji wa Istanbul haufupishi safari ya mtu yeyote. Unakwenda sambamba na Bosphorus, unatoka bahari ile ile kuingia bahari ile ile. Na Bosphorus, kwa Mkataba wa Montreux wa 1936, meli za biashara zina haki ya kupita wakati wa amani kwa ada ndogo za huduma. Mwenye meli atalipa pesa nyingi apite mlango wa pili kwa nini, na mlango wa kwanza uko wazi? Serikali ya Uturuki inajibu kwamba Bosphorus ina msongamano na hatari, na hilo ni kweli, meli kama 40,000 kwa mwaka si mchezo, na ajali zimewahi kutokea. Lakini hatari ya mji na faida ya mwekezaji ni vitu viwili. Mwaka 2021 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba baadhi ya benki kubwa za Uturuki zenyewe zilisita kuukopesha mradi huu. Benki ambazo zinaijua ardhi ile, lugha ile na serikali ile zinasita, halafu sisi huku tunatuma arbuni kwa simu.

Sisemi mfereji hautachimbwa. Serikali ikitaka jambo inaweza kulifanya hata kama halina faida. Ninachosema ni kwamba jibu la "upo au haupo" halikusaidii sana. Hata mfereji ukichimbwa wote, kuanzia kesho, mtu aliyenunua ile ploti ya kwenye video bado anaweza kupoteza pesa zake. Na hili ndilo ninalotaka tukae nalo, kwa sababu halielezwi.

Kwanza, unachouziwa ni nini? Waturuki wana maneno mawili ambayo dalali wetu anayatafsiri yote kuwa "ploti". Kuna arsa, yaani kiwanja kilichomo ndani ya mpango wa ujenzi, ambacho unaweza kuombea kibali na kujenga. Na kuna tarla, yaani shamba. Sehemu kubwa ya ardhi inayouzwa kwa jina la mfereji ni tarla. Shamba la ngano haligeuki kiwanja kwa sababu umelinunua kwa dola. Linageuka pale mpango wa ujenzi, unaoitwa imar, unapopitishwa na wenye mamlaka, na ukapita mahakamani bila kufutwa. Inaweza kuwa miaka mitano, inaweza kuwa ishirini.

Pili, shamba hilo halikatwi vipande. Tangu 2014 sheria ya Uturuki inazuia kugawa mashamba ya kawaida chini ya hekta 2, ambazo ni karibu ekari 5. Sasa mita 300 za video zinatoka wapi? Zinatoka kwenye karatasi ya dalali. Kampuni inanunua shamba zima kwa bei ya shamba, inachora juu yake mistari, barabara na nambari za ploti, kisha inauza hisa. Hati unayopata, wanayoiita hisseli tapu, inasema wewe ni mwenye sehemu kadhaa kati ya elfu kadhaa za shamba fulani. Haisemi sehemu yako ni kona ipi. Ile ploti nambari 47 iliyo karibu na maji haipo popote katika ofisi ya ardhi ya Uturuki.

Watu wa Pwani mnajua hili kuliko mtu yeyote. Ni shamba la mirathi ambalo halikugawanywa, warithi mia, kila mmoja ana haki yake na hakuna anayeweza kuweka hata ukuta. Tofauti ni kwamba shamba la mirathi utamkuta ami yako, mtakaa barazani, mtazozana, mwisho mtapatana. Shamba la Arnavutköy wenzako ni watu wa Kuwait, Iraq, Ujerumani na Kazakhstan ambao hamjuani. Mkitaka kutoka kwenye ushirika huo, njia iliyobaki ni kesi mahakamani, na mara nyingi mwisho wa kesi ni shamba zima kupigwa mnada kisha pesa zigawanywe. Mnada wa shamba huleta bei ya shamba.

Tatu, tuseme Mungu amejaalia, mpango umepitishwa na shamba limekuwa viwanja. Sheria ya Uturuki inairuhusu serikali, katika kupanga upya viwanja, kuchukua mpaka asilimia 45 ya ardhi bila malipo kwa ajili ya barabara, shule, bustani na misikiti. Kiwango hicho kilikuwa 40, kikapandishwa 2019. Si dhuluma, ndivyo wanavyojenga miji, na ardhi iliyobaki huwa na thamani zaidi. Lakini hisa yako ya mita 300 yaweza kubaki 165. Na mita 165 huwa si kiwanja cha kusimama peke yake, kwa hivyo utaunganishwa tena na wenzako katika kiwanja kimoja. Umerudi pale pale, hisa ndani ya hisa.

Nne, na hili ndilo lililonishangaza zaidi nilipokuwa nikisoma. Dalali anasema, "ukiwa karibu na mfereji ni bora, ukiwa juu ya mfereji ni bora zaidi, serikali itakulipa." Sheria ya Uturuki ya utwaaji ardhi ya 1983, kifungu cha 11, inasema wazi kwamba katika kukadiria fidia hakuhesabiwi ongezeko la thamani lililoletwa na mradi wenyewe unaosababisha ardhi itwaliwe. Na ardhi iliyo tarla hukadiriwa kwa mapato yake ya kilimo, kana kwamba itaendelea kulimwa. Fikiri maana yake. Umenunua kwa bei ya mfereji, unafidiwa kwa bei ya ngano au alizeti. Mfereji wenye upana wa mita zisizopungua 275, kwa kilomita 45, pamoja na kingo zake na barabara zake, hautapita hewani. Utapita juu ya mashamba ya watu, na baadhi ya watu hao ni wale wanaotumiwa video leo.

Mgeni ana mzigo wa ziada. Anayenunua ardhi tupu Uturuki akiwa raia wa nchi nyingine anatakiwa na sheria kuwasilisha mradi wa maendeleo kwa wizara inayohusika ndani ya miaka miwili. Mradi gani utauwasilisha juu ya hisa ya shamba ambalo halijengeki? Na wale wanaoambiwa kwamba ploti ya dola elfu kumi na moja "inafungua njia ya pasipoti", tangu Juni 2022 kiwango cha uraia kwa kununua mali ni dola 400,000, na mali hiyo haiuzwi kwa miaka mitatu.

Nimetaja kusoma. Hakuna siri hapa, sheria zao ziko wazi, na ofisi yao ya ardhi ina ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua bila malipo. Unaweka mkoa, wilaya, mtaa, kisha namba mbili, ada na parsel, nayo inakuonyesha kipande chenyewe juu ya picha ya setilaiti, ukubwa wake na aina yake. Haionyeshi jina la mwenyewe, lakini neno tarla utaliona. Wa kwanza kati ya wale saba walioniuliza alimwomba dalali namba hizo mbili. Alijibiwa kwamba zitatolewa baada ya arbuni. Nikamwambia aombe tena kwa adabu. Dalali akamwondoa kwenye kundi la WhatsApp.

Mnaweza kusema, mbona wakubwa wananunua? Ni kweli magazeti ya Uturuki yaliripoti 2019 kwamba mama yake Amiri wa Qatar, Sheikha Moza, alinunua kupitia kampuni ardhi ya mita za mraba 44,000 hivi karibu na njia ya mfereji, na rais Erdoğan alipoulizwa akasema hakuna sheria inayozuia. Habari hiyo madalali wanaipenda mno. Lakini mita 44,000 ni shamba zima, si hisa katika shamba. Mwenye shamba zima ana mawakili wake, anaweza kungoja miaka thelathini, na akipoteza zote hatauza dhahabu za mkewe. Kumfuata tajiri katika biashara yake ni kama ngalawa kufuata manowari kwenye mawimbi.

Na kuna waliomfuata uvumi kabla ya njia kutangazwa. Mwaka 2011 serikali haikusema mfereji utapita wapi. Watu wakabuni. Silivri na Çatalca, magharibi zaidi, ndizo zilizotajwa sana, na wauzaji wa ardhi wakachangamka huko. Miaka saba baadaye njia ikaangukia Küçükçekmece. Wale waliouza Çatalca walikuwa washapokea pesa zao. Hilo ndilo jambo la kuliangalia katika kila biashara ya namna hii: anayeuza analipwa siku ya tangazo, na anayenunua analipwa siku ya mradi, kama siku hiyo itafika.

Nikaragua walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 bunge lao lilimpa mfanyabiashara wa Kichina kibali cha kuchimba mfereji wa kuunganisha bahari mbili, Desemba 2014 wakafanya sherehe ya kuanza kazi, wakulima wakaandamana kuogopa kunyang'anywa mashamba, halafu mwaka uliofuata soko la hisa la China likaporomoka na mali ya mfanyabiashara huyo nayo. Mwaka 2024 bunge lile lile likafuta kibali. Sherehe ilifanyika, mfereji haukuonekana.

Lakini kwa nini twende Nikaragua na Lamu iko hapa? Machi 2012 rais Kibaki, Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini walizindua bandari ya Lamu na njia zake za LAPSSET. Michoro ilionyesha gati 32, reli, bomba la mafuta, mji wa watalii. Ardhi ya Lamu ikageuka dhahabu kwa usiku mmoja, na walionunua wengi hawakuwa wa Lamu. Mwaka 2014 rais Uhuru Kenyatta akaamuru hati za kampuni 22 zifutwe, ekari kama 500,000. Meli za kwanza zikatia nanga Mei 2021. Zimejengwa gati 3. Bandari ipo, sikatai, na huenda ikakua. Ila aliyenunua ploti 2012 kwa hesabu ya gati 32, akakopa, mwanawe sasa amemaliza chuo na ploti bado ina miiba. Huo ni mradi ulio katika nchi yetu, unaoweza kupanda basi ukauone, na afisa wa ardhi anazungumza lugha yako.

Kuna hesabu nyingine ndogo kwenye video, ya mchoro unaopanda kama ngazi: "tangu 2011 bei imepanda mara ishirini." Angalia chini ya mchoro imeandikwa fedha gani. Mwaka 2011 dola moja ilikuwa chini ya lira 2. Kufikia 2025 ilikuwa imepita lira 40. Mfumuko wa bei wa Uturuki, kwa takwimu zao rasmi, ulipita asilimia 85 Oktoba 2022. Kitu kilichopanda mara ishirini kwa lira katika muda huo, kwa dola hakikupanda, kilishuka. Wewe unalipa kwa dola.

Suala la dini silitaji kwa kupenda, lakini wao ndio wamelileta. Dalali anasema biashara hii ni halali kwa sababu haina riba. Riba si mlango pekee wa haramu. Wanafunzi wa madrasa wanajua neno gharar, biashara ya kitu kisichojulikana hali yake wala mwisho wake, na mfano unaotolewa na wanavyuoni ni samaki aliye majini na ndege aliye angani. Ploti nambari 47 isiyokuwemo kwenye daftari lolote iko wapi kati ya hivyo viwili? Kisha kuna najash, kupandisha bei kwa ujanja ili mnunuzi adhani kuna wanaoshindana naye. Ule ujumbe wa "zimebaki nne tu" unaotumwa kila Jumatatu, na kila Jumatatu ni nne, sijui tuuite vipi. Mimi si mufti. Muulizeni sheikh wenu, lakini mpelekeeni mkataba wenyewe, msimpelekee video.

Sababu iliyonifanya niandike ni familia moja ya hapa Mombasa ambayo siwezi kuitaja. Wameuza nyumba ya marehemu babu yao, warithi tisa, na badala ya kugawana kila mtu kidogo wanafikiria kuzikusanya pesa zote wanunue ploti sita za video kwa jina la kaka yao mkubwa aliyeko Doha. Dada zao wawili ni wajane. Niliwaandikia maswali matatu wayapeleke: namba za ada na parsel ni zipi, hati itasema tarla au arsa, nzima au hisa, na je, siku ya kulipa pesa zote ndiyo siku ya kusajili ofisi ya tapu, mbele ya mkalimani aliyeapishwa? Maana kwa sheria yao ardhi haihami kwa mkataba wa kampuni, hata uwe na mihuri kumi. Inahama siku jina linapoandikwa katika daftari. Kwa mpango wa miezi 24, jina linaandikwa mwezi wa 24, na katika miezi yote hiyo wewe una risiti tu ya kampuni.

Swali la nne liliulizwa na mmoja wa wale wajane, na sikuwa nimelifikiria mpaka aliponiuliza: "Kaka akifa, Mungu apishe mbali, ploti zitagawanywa vipi?" Yeye alidhani kwa kuwa Uturuki ni nchi ya Waislamu, fara'idh itafuatwa. Haifuatwi. Tangu 1926 Uturuki hugawa mirathi kwa sheria ya kiraia, na ardhi iliyoko Uturuki hufuata sheria ya Uturuki hata kama marehemu ni Mkenya aliyefia Qatar. Kaka huyo ana mke, mtoto wa kiume na wa kike. Kwa sheria yetu mke angepata thumuni, na kinachobaki mwana wa kiume apate mafungu mawili na wa kike fungu moja. Kwa sheria yao mke anapata robo, na watoto wawili wanagawana kinachobaki sawa kwa sawa. Wasia unaruhusiwa, lakini una mipaka. Ndugu zake wanane waliotoa pesa hawamo kwenye hesabu hiyo kabisa, kwa sababu jina lililo kwenye hati ni moja, na daftari la Arnavutköy halijui habari za nyumba ya babu. Kadhi wa Mombasa hana uwezo wa kulibadilisha.